Re: DMT na UDA ni kampuni moja?

Mkuu, umeuliza kama DMT (Dar es Salaam Motor Transport), kampuni ya mabasi ya wazee wetu, ndiyo hiyohiyo UDA (Usafiri Dar es Salaam). Karibu sawa. DMT ilikuwa kampuni binafsi. Serikali ikaitaifisha mwaka 1970, kisha 1974 ikagawanywa: kampuni ya KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikabaki na za mjini Dar. Wenye umri wanayakumbuka yale mabasi ya Ikarus marefu ya Hungary, yameunganishwa katikati kwa mpira uliokunjwakunjwa kama kinanda. Ukisimama pale katikati basi likikata kona, shauri yako!

Mabasi yakapungua, vipuri shida, ndipo 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuendesha mabasi ya abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo mitaani iliitwa dala. Makonda wakaita "dala, dala!", jina la daladala likaganda kwa mabasi hayo hadi leo.