Kifua kinachouma na kuacha: maswali yenu

*Nina miaka 54. Nikipandisha mlima na mzigo kifua kinabana, nikikaa kinaachia. Duka la dawa muhimu wamenipa diklofenaki. Niendelee? (Newala)*

Acha leo hii, mzee wangu. Maumivu yanayokuja ukijitutumua na kuondoka ndani ya dakika chache ukipumzika tunayahesabu ni ya moyo mpaka vipimo vikatae. Mishipa inayoulisha moyo huenda imeziba nusu: ukitulia damu inatosha, ukipanda mlima haitoshi. Diklofenaki haizibui mshipa, na inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Kila wiki naletewa habari za vidonge hivi! Nenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mtwara, upimwe presha, sukari na umeme wa moyo. Kipimo hicho cha umeme kikifanywa wakati huumwi kinaweza kutoka kizuri kabisa, kwa hiyo usiridhike nacho peke yake. Mweleze daktari kama ulivyoniandikia mimi. Siku maumivu yakikukuta umekaa yakapita dakika 15, au yakaja na jasho jembamba, au yakakimbilia taya na mkono, tafuna aspirini ya miligramu 300, kama haikudhuru na huna vidonda vya tumbo, uwahishwe hospitali. Usiendeshe pikipiki mwenyewe.

*Usiku kifua kinachoma, mdomo unakuwa mchungu. Ni gesi? (Lindi)*

Yaelekea ni asidi inayopanda kutoka tumboni. Maliza kula zikiwa zimebaki saa 3 kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwani sentimita 15 kwa matofali. Kurundika mito kunakunja tumbo na kuzidisha. Ila mwenye kisukari au aliyevuka miaka 40 asijipe jibu la "gesi" kabla moyo haujapimwa.

*Kifua kinauma, nitumie dawa gani? (wengi)*

Sijibu tena maswali ya hivi. Andika umri, kinauma muda gani, kinaanzaje, unakohoa? Anayekohoa wiki 2, anakonda na kutoka jasho usiku apeleke makohozi yapimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali hawatozi.

*Nina miaka 20. Nikibonyeza ubavu karibu na mfupa wa kati nasikia maumivu yale yale. (Nachingwea)*

Ni gegedu la mbavu, ule mfupa laini unaounga ubavu na mfupa wa kati, ndilo linalouma. Litapoa, punguza kubeba magunia.

*Jioni baada ya kupulizia mikorosho unga wa salfa kifua kinabana. (Masasi)*

Unga ule unakwaruza njia ya hewa, na mwenye pumu asishike bomba kabisa. Leso haizuii kitu: vaa barakoa ya vumbi inayobana pua, pulizia alfajiri upepo ukiwa umelala na umande bado uko kwenye majani, upepo uje mgongoni. Ukianza kukoroma kifuani usisubiri kumaliza shamba.