HPV inavyoifanya seli igawanyike ovyo

Dada, umeuliza kirusi kiitwacho HPV kinawezaje kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Kinavunja ulinzi wa ndani ya seli. Kwa kawaida protini iitwayo Rb huizuia seli kugawanyika hadi wakati wake ufike, na protini nyingine, p53, ikiona DNA (maagizo ya urithi ya seli) imeharibika husimamisha kila kitu ili irekebishwe. Ikishindikana, seli inajiua. Sasa HPV, hasa aina ya 16 na 18, hutengeneza protini mbili: E7 inaifunga Rb isifanye kazi, E6 inasababisha p53 ivunjwe. Seli inabaki kugawanyika tu, na kasoro zinarundikana.

Hapo bado si saratani, tafadhali usiogope. Mara nyingi mwili hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka, saratani huweza kuchukua miaka 15 hadi 20, pungufu kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Kwa hiyo nenda kapime! Nesi anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Ikitibiwa hapo, kwa kawaida haifiki kuwa saratani. Mabinti nao wapelekwe chanjo. Tanzania inatolewa nchi nzima tangu 2018.