Uliza Yaya: Hakathoni ya blokucheni tuiendee na nini?

*Yaya, tuko wanafunzi wanne wa informatiki hapa Lubumbashi. Tumekubaliwa kwenye hakathoni ya blokucheni, shindano la kutengeneza programu kwa siku mbili. Tunataka kutengeneza programu ya kufuatilia kobalti tangu shimoni hadi kiwandani. Tulisikia timu yenu ilifanya jambo kama hilo mlipokuwa wanafunzi. Tujitayarishe vipi, na juri huuliza nini?*
Mwanafunzi, Kamalondo

Wadogo zangu, hongereni sana. Wazo lenu ni zuri, ila njia mliyoichagua ni ndefu mno kwa siku mbili. Hesabuni wenyewe: mchimbaji, mbeba magunia, mwenye pikipiki, depo, kiwanda, lori, mpaka wa Kasumbalesa, meli. Mwaka 2019 Ford, IBM, LG Chem na Huayou Cobalt walitangaza jaribio la kufuatilia kobalti ya Kongo kwa blokucheni, yaani mnyororo wa rekodi unaotunzwa na kompyuta nyingi ili mtu mmoja asiweze kuugeuza. Hao wote, pamoja na pesa zao, walianza na kobalti ya mgodi wa viwanda. Gunia la mchimbaji wa mkono waliliacha kwa baadaye. Nyinyi chagueni kipande kimoja tu.

Sisi tulichagua depo, pale mnunuzi anaponunua madini ya wachimbaji. Mwenzetu mmoja alikulia Kolwezi, baba yake mchimbaji, na ndiye aliyetufafanulia ugomvi unapoanzia: kwenye mizani, na kwenye ile mashine ya kushika mkononi inayosoma asilimia ya madini ndani ya jiwe, ambayo wachimbaji huiita metoreksi. Mizani ni ya mnunuzi, mashine ni ya mnunuzi, na anayesoma namba ni yeye huyo huyo. Mchimbaji anapewa pesa na kikaratasi. Kikaratasi kikilowa au kikibadilishwa, hana pa kushika.

Basi programu yetu ilichukua mauzo mamoja: kilo, asilimia, bei, tarehe na picha ya kikaratasi. Picha ilikaa kwenye seva ya kawaida. Kwenye mnyororo tuliweka heshi yake tu, alama ya baiti 32 inayogeuka kabisa mtu akigusa picha hata kidogo. Msijaribu kuweka picha zenyewe. Kwenye Ethereum, blokucheni ambayo wengi huitumia, kila muamala unakula gesi 21,000 (gesi ni kipimo cha kazi unayoilipia) kabla haujafanya lolote, na kuhifadhi kila baiti 32 mpya ni gesi 20,000 au zaidi juu yake. Picha moja ya simu ina malaki ya baiti.

Sasa juri. Mzee mmoja aliyejua madini kuliko kompyuta alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: «Mizani ikidanganya, mnyororo wenu utajuaje?» Swali hilo mtaulizwa, hakika, na timu nyingi hujibu kwa kurudia kwamba blokucheni haiwezi kubadilishwa. Hilo si jibu. Uongo uliopimwa saa nne asubuhi ukaandikwa saa nne na dakika moja utabaki uongo, tena uongo usiofutika.

Mwenzetu wa Kolwezi alimjibu kwamba mnyororo hautajua. Halafu akamwonyesha sehemu ambayo hadi leo naiona ndiyo kazi yetu hasa. Mauzo yakiandikwa, mchimbaji anapata ujumbe kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Akijibu 1, amekubali. Akijibu 2, amekataa, na anaweza kuandika kilo alizopima yeye mwenyewe. Kukataa kwake kunaingia kwenye mnyororo pembeni ya namba za mnunuzi, na mwenye depo hana uwezo wa kufuta kukataa huko. Depo moja ikijaza kukataa wiki baada ya wiki, ushirika wa wachimbaji utaiona kabla ya kupeleka magunia mengine huko. Watu wengi wanaifikiria blokucheni kama daftari la ukweli. Mimi naipenda kwa sababu inaweza kutunza neno la mnyonge pale anapobishana na mwenye mizani.

Mzee hakuridhika upesi. Akauliza nani anapokea ule ujumbe wa simu na kuupeleka kwenye mnyororo. Swali zuri sana hilo, kwa sababu anayeshika seva na ufunguo wa siri wa kuandika kwenye mnyororo ndiye anayeweza kuzima sauti. Tulimwambia lazima viwe mikononi mwa ushirika, mbali na mnunuzi. Amueni jambo hili mapema, kabla ya kuandika mstari wowote wa Solidity, lugha ya kuandikia programu za Ethereum. Na juri wakiuliza kama rekodi kama hiyo ina uzito mbele ya sheria, nchi yetu ina sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayotambua maandishi na sahihi za kielektroniki. Isomeni.

Zawadi ya kwanza ilichukuliwa na timu ya kuhakiki diploma. Walistahili, maonyesho yao yalikwenda bila kukwama.

Kuhusu kukwama: umeme utakatika na intaneti itasuasua, jipangeni hivyo. Hardhat, zana ya kujengea na kujaribia programu za Solidity, mkiitumia mara ya kwanza hutafuta kwenye intaneti kompaila yake, ile inayogeuza msimbo wenu uweze kuendeshwa, kwa hiyo kompailini kazi yoyote ndogo mkiwa bado nyumbani, kisha mnakili folda nzima kwenye flashi. Endesheni mnyororo wa majaribio ndani ya kompyuta yenu wenyewe. Hapo intaneti haihitajiki. Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum ulioko kwenye intaneti, iacheni kwa ajili ya maonyesho, na etha zake za majaribio (etha ni sarafu ya Ethereum) mzikusanye siku kadhaa kabla, maana tovuti nyingine zinazozigawa hutoa kidogo kidogo. Rekodini video ya programu ikifanya kazi. Na pesa msiziweke ndani ya mkataba wenu, yaani ile programu inayokaa kwenye mnyororo: Juni 2016 mtu alitumia kasoro moja katika The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa na mkataba wa namna hiyo, akachota etha kama milioni 3.6, na walioiandika hawakuwa wanafunzi.

Kuleni bukari mapema jioni. Usiku wa manane mtabishana, na tumbo tupu halina subira.

*Mwanangu, kijana wangu anasema ameingia timu ya blokucheni na anadaiwa dola 50 za kununua sarafu ili ashiriki. Mimi nauza makala ya kupikia, pesa hiyo si ndogo. Nimpe?*
Mama, Katuba

Mama, usitoe. Etha za majaribio hazina thamani sokoni na hugawiwa bure, na kazi yote ya hakathoni inaweza kufanyika bila kununua sarafu hata moja. Kijana wako huenda hadanganyi. Huenda naye ameambiwa hivyo na mtu. Mwambie akuonyeshe ujumbe unaodai hizo dola, na umwite mwalimu wake wa informatiki auone. Ukikuta unaelekeza pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, basi huyo ni mwizi, na wazazi wa vijana wengine waambiwe leo hii. Kama unataka kumsaidia, mnunulie data na umtafutie waya mrefu wa umeme. Hivyo atavihitaji kweli.