Rimoti haijafa, ni betri

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Vitz ya kitufe, ile isiyochomekwa ufunguo. Juzi nimetoka soko la Kingalu na mizigo, nabonyeza rimoti, milango kimya. Fundi wa jirani akasema rimoti imekufa, niagize nyingine. Nikalipa gari la kuvuta hadi gereji. Je, palikuwa na njia nyingine? – Mama Neema, Morogoro

JIBU: Pole sana, Mama Neema. Hela hiyo imeniuma na mimi, maana ufunguo ulikuwa mkononi mwako muda wote.

Kwenye rimoti yako kuna kilimi kidogo. Kisukume, uvute, utatoka ufunguo wa chuma. Fungua nao mlango wa dereva. King'ora kikilia usishtuke. Kaa, weka gia kwenye P, kanyaga breki, kisha gusisha upande wa rimoti wenye nembo ya Toyota kwenye kitufe cha kuwashia. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe hapo hapo. Injini itawaka hata kama betri ya rimoti imekwisha kabisa, kwa sababu chipu inayojitambulisha kwa gari haitumii betri hiyo. Inapata nguvu kutoka kwenye gari lenyewe inaposogezwa karibu. Betri ni ya kazi za mbali: kufunga, kufungua, na kulijulisha gari kwamba umekaribia.

Kwa hiyo fungua rimoti, soma namba ya betri. Ikiwa CR2032, maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR1632 ina upana wa 16. Usikubali "zinafanana". Mafundi saa wanazo.

Na tafadhali, usiiweke juu ya televisheni wala pembeni ya simu inayochajiwa. Rimoti hizi husikiliza mawimbi usiku na mchana, na kelele za vifaa hivyo huimaliza betri mapema.

Ninalokusihi zaidi ni rimoti ya pili. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika kwetu na rimoti moja tu. Ukiwa nayo inayofanya kazi, kusajili nyingine, yaani kulifanya gari liitambue, ni kazi fupi ya mashine ya fundi. Ukiipoteza hiyo moja, itabidi kuchezea kompyuta ya gari, na gharama yake ni nyingine kabisa. Usinunue yoyote unayoiona mezani kwa sababu umbo ni lile lile: za soko la Japani hutumia masafa ya redio ya karibu megahezi 315, za Ulaya 433, na hazisikilizani.

Siku ya kusajili, kaa na fundi mpaka amalize. Mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya rimoti zinazotambuliwa na gari. Ziwe mbili. Zikiwa tatu, afute ile usiyoishika mkononi.