MUULIZE AMI: Kazi ya majarida ya sayansi, mshahara upo ama ni sadaka?

Swali

Ami, asalam aleikum. Mimi ni binti wa Maweni hapa Malindi, nimemaliza biolojia Pwani University na tangu hapo niko nyumbani nafundisha tyusheni watoto wa mtaa. Sasa nimeitwa intavyuu na shirika la ng'ambo linalochapisha majarida ya sayansi, kazi ni msaidizi wa wahariri, naifanyia hapa hapa nyumbani kwa laptopu. Shida ni baba. Ameskia shirika lenyewe halitafuti faida akasema watanilipa asante na fulana. Na mimi mwenyewe sijui kazi yenyewe huwa vipi, ni kusahihisha kizungu ama ni nini? Nende nisende?

Jibu la Ami

Waaleikum salaam mwanangu. Nenda. Na babako msalimie, mwambie mimi nilikula mkate wa kazi kama hiyo miaka kadhaa nikiwa hapa hapa Malindi, na haukuwa mkate wa kuombaomba. Mashirika haya yana mhasibu, yana wakili, yana mtu wa kukusumbua ujaze fomu za likizo, na mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Wasichokuwa nacho ni wenye hisa wa kugawana kinachobaki. Kikibaki kitu kinarudi kazini, basi. Na kubaki lazima kibaki manake sava hazilipiwi kwa dua.

Chukua PLOS ya Marekani, ndo watu wengi waijua. Ilianzishwa na wanasayansi watatu, Harold Varmus, Patrick Brown na Michael Eisen, kwanza ikiwa barua tu ya kuwashinikiza wachapishaji waachie makala zisomwe bure, watu maelfu kwa maelfu wakaitia sahihi alafu wengi wao wakaendelea kupeleka makala zao kule kule walikosema hawatapeleka. Basi wakaona waanzishe majarida yao wenyewe. Wakapewa dola milioni 9 na wakfu wa Gordon na Betty Moore, Oktoba 2003 likatoka jarida la kwanza, PLOS Biology, 2006 likaja PLOS ONE, hili ndo lililoishtua dunia manake halikuuliza kama matokeo yako ni ya kusisimua, liliuliza tu kazi umeifanya sawasawa ama hukuifanya. Sasa kitu kama hicho wakiendesha watu wa kujitolea na fulana? Haiwezekani.

Kama babako bado hajaridhika, mfanyie hivi. Mashirika ya Marekani ya aina hii karibu yote hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990, na fomu hiyo ni ya umma, yeyote aweza kuisoma mtandaoni. Utaona wameingiza ngapi, wametumia ngapi, na mabosi wakubwa wanalipwa ngapi (kaa kitako kwanza kabla hujafika hapo). Uingereza nako wana tume yao ya mashirika ya hisani, hesabu ziko wazi vilevile. Zisome kabla ya intavyuu. Ukiona miaka mitatu mfululizo matumizi yanapita mapato, waulize pesa zao zinatoka wapi na mkataba wako ni wa muda gani, tena uliza bila haya. Kuna duka gani hapa mjini utakaloruhusiwa kukagua madaftari yake kabla hujaajiriwa?

Haya, kazi yenyewe. Kizungu kusahihisha ni kidogo sana, wengine hata hawaigusi. Makala inaingia, wewe ndo wa kwanza kuifungua. Unaangalia mwandishi kasema nani kamfadhili, kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, waliopimwa damu walikubali kwa maandishi ama vipi, data ziko wapi, kuna programu inakuonyesha mistari iliyokopiwa mahali, na picha za maabara unazitazama vizuri manake siku hizi mtu hukata kipande cha picha akakigeuza juu chini akasema ni jaribio jingine. Usidharau hatua hii. Mwaka 2023 peke yake makala zaidi ya 10,000 zilifutwa duniani, na nyingi zilitoka kwa watu wanaotengeneza utafiti bandia na kuuza nafasi ya jina la mwandishi kwa asiyeandika. Yule anayezizuia mlangoni mara nyingi ni msaidizi ambaye jina lake halitokei popote.

Alafu inakuja kazi yenyewe hasa, kuwaomba watu. Makala ikipita kwako inaenda kwa mhariri mwenyewe wa fani hiyo, anachagua wapitiaji, yaani mabingwa wengine wa jambo lile lile waisome waseme udhaifu wake, na wewe ndo unayewaandikia. Profesa huyu hajibu, yule amejibu yuko likizo mpaka Septemba, wa tatu amekubali akapotea kama nahodha aliyeaga anaenda kununua sigara, na huku mwandishi anakuandikia kila Jumatatu, makala yangu imefika wapi, promosheni yangu inangoja. Unamwonea huruma na huwezi kufanya lolote ila kuandika imeli nyingine ya adabu. Mimi naamini aliyelelewa pwani ana faida hapa, sisi twajua kumwambia mtu mara ya nne kitu kile kile bila kumvunjia heshima.

La saa za kazi nalo nikwambie wazi. Ofisi ikiwa California, mkutano wao wa saa tatu asubuhi kwetu ni saa moja usiku, na wakibadilisha saa zao za baridi unakuwa saa mbili. Yaani unakatwa Isha, na Ramadhani ndo mwanzo mtu anataka kupumua baada ya futari, wewe umevaa hedfoni unasikiliza ripoti ya robo mwaka. Omba mapema wakurekodie, wengi hukubali, lakini usipoomba hawajui kama una jambo. Za Uingereza ni nafuu, tofauti ni saa mbili tatu tu. Na stima ya Malindi waijua mwenyewe, weka bando la simu pembeni.

Jingine, soma mkataba. Shirika lisilokuwa na ofisi Kenya mara nyingi litakuchukua kama kontrakta, na hapo kodi ya KRA, bima ya afya ya SHA na akiba ya uzeeni ya NSSF ni juu yako mwenyewe, hela zinakuja nzima zinaonekana nyingi, mwezi wa sita unagundua si zote zako. Weka pembeni tangu siku ya kwanza.

Kitakachokuweka pale, nakwambia mimi, si mshahara. Ni siku unaona daktari wa zahanati asiyekuwa na chuo kikuu nyuma yake ameifungua makala uliyoisukuma miezi minane akaisoma yote bila kuambiwa alipe. Na kitakachokuondoa ni kwamba ngazi ni fupi, waliokutangulia hawatoki, na kila mkubwa akija anabadilisha mfumo wa kompyuta.

Swali

Ami, mimi ni mwalimu wa sekondari, Lamu, Langoni. Ndugu yangu anafundisha chuo, juzi amekubaliwa makala na jarida la hao hao wasiotafuta faida, alafu akaambiwa atoe maelfu ya dola. Kama ni kwa manufaa ya watu mbona wanatoza? Na je ni kweli wale wanaopitia makala hawalipwi?

Jibu la Ami

Mwalimu, ni kweli hawalipwi, karibu kote, na hapa siwezi kuwatetea wenzangu. Watasema ni desturi ya wasomi kusomeana, leo wewe kesho mimi. Sawa, lakini bwana mwenye mshahara wa chuo cha Ulaya kusoma makala saa za kazi si sawa na mhadhiri wetu anayefundisha vyuo viwili ndo akajisomee usiku.

Kuhusu ada, lazima mtu alipe, kinachobadilika ni nani. Zamani alilipa msomaji kupitia maktaba. PLOS Biology ilipoanza ikamgeuzia mwandishi, dola 1,500. Jarida la eLife la Uingereza lilianza 2012 bila kumtoza mtu chochote kwa sababu wafadhili watatu wakubwa wa utafiti walibeba mzigo wote, taasisi ya Howard Hughes, Wellcome na Max Planck, na bado 2017 likaanza kutoza dola 2,500. Watu walilalamika sana, lakini wajua, makala inayokataliwa nayo imekula muda wa watu, na yule aliyekataliwa halipi, hivo aliyekubaliwa anawalipia wengine wote.

Na usidhani kutotafuta faida ndo kusomwa bure. Jarida la Science ni la jumuiya ya wanasayansi wa Marekani, New England Journal of Medicine ni la jumuiya ya madaktari wa Massachusetts, hakuna mwenye hisa hata mmoja na yote mawili yanauza sabskripsheni. Jaribio la chanjo ya malaria lililofanywa kwa watoto wa Kilifi hapa na Korogwe Tanzania lilitoka kwenye hilo la madaktari, 2008.

Mpango ninaoupenda mimi ni wa Annual Reviews, wachapishaji wengine wasiotafuta faida, hawa wako tangu 1932. Maktaba zinaendelea kulipa kama kawaida, pesa zikitosha basi toleo la mwaka huo linafunguliwa dunia nzima na mwandishi hatoi senti. Zisipotosha linabaki limefungwa. Biashara ya kuaminiana, na mpaka sasa inaenda.

Nduguyo aandike leo hii aombe msamaha wa ada, asione haya, majarida mengi ya aina hii yana mlango huo kwa nchi zetu ila barua ya kukubaliwa haiutangazi sana. Na mara nyingine aombe kabla hajapeleka makala, baada ya kukubaliwa inakuwa vigumu zaidi. Pia atazame majarida ya kwetu yaliyomo kwenye tovuti ya African Journals Online, hao makao yao ni Afrika Kusini na wao vilevile hawagawani faida.

Swali

Ami mambo. Niko Ngomeni. Wazee wanasema setilaiti kubwa ilirushwa hapa baharini zamani. Karatasi zake za sayansi ziko wapi, ama tulirushiwa tu moshi?

Jibu la Ami

Poa kijana. Ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, la Waitaliano, ikaitwa Uhuru manake ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta vitu vya angani vinavyotoa eksirei, ikaorodhesha 339, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza akapata Nobeli 2002.

Karatasi zilitoka Astrophysical Journal, jarida la jumuiya ya wanaastronomia wa Marekani, nalo ni la hawa hawa tunaowazungumzia leo. Tangu 2022 makala zake zote mpya zinasomwa bure, na za zamani zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa ziko kwenye hifadhi ya NASA iitwayo ADS. Fungua ADS, andika jina Giacconi na mwaka 1971, utaziona, kwa simu zafunguka vizuri tu. Hesabu zake ni ngumu, anza na picha za michoro.