Mama mkwe hakupiga simu

Wiki hii mmeuliza kama bibi na babu wana haki kisheria ya kuwaona wajukuu zao. Nilitaka kujibu kwa neno moja, hapana, nirudi kwenye kazi zangu. Mtoto ana mama yake, na mama ndiye anayejua nani apite getini.

Mimi ni mjane, naishi Igoma, Mwanza. Marehemu kwao ni Ukerewe. Arobaini haijafika, mashemeji wameshaanza kuulizia hati ya kiwanja cha Buhongwa. Mama mkwe alikaa kimya. Kimya chake nikakihesabu kuwa yuko upande wao, nikaacha kupokea simu zake. Mwaka mzima.

Alhamisi moja mwalimu akanipigia: kuna mama mtu mzima hapa shuleni, anasema mwanao ni mjukuu wake. Nilitoka dukani hata droo ya hela sikuifunga, nikapanda bodaboda, njia nzima napanga maneno. Nikawakuta kwenye benchi karibu na bomba. Alikuwa ameshuka na meli ya Nansio, huko Ukerewe, mfuko wa machungwa miguuni, bakuli la sato wa kukaanga mapajani. Anamchambulia miiba. Mtoto wa darasa la tatu, ambaye nyumbani anamaliza sato mpaka kichwa bila kusaidiwa na mtu! Siku hiyo katulia, kakinga kiganja. Kila mnofu bibi anaupapasa kwanza kwa kidole gumba, akiridhika ndipo anampa. Hawakuniona. Nilisimama pale, dereva wa bodaboda nyuma yangu anadai hela yake.

"Mama, si ungepiga simu?"

"Ungepokea?"

Nisingepokea.

Kuna jambo nimeliruka hapo juu. Aliyemlea mtoto huyu miaka yake miwili ya mwanzo, mimi nikiwa chuoni, ni yeye. Sasa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 38, haimtaji bibi; inasema mzazi, mlezi au ndugu aliyekuwa akimlea mtoto anaweza kuiomba mahakama apewe nafasi ya kumwona. Kumbe angeweza kunipeleka, na huenda angeshinda, maana pale kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto, kiwanja hakimo. Na angenipeleka, nisingemsamehe. Nasema ukweli.

Basi lile hapana langu nalifuta. Haki hiyo iwepo, tena kwa maoni yangu hata kwa bibi ambaye hakubahatika kulea. Ila aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, kwa hakimu iwe baadaye kabisa. Na iwe haki ya bibi. Mashemeji wasije wakajificha kwenye kanga yake kuulizia hati.

Likizo ya Juni mtoto alikwenda Nansio wiki mbili. Alitaka nne. Ya Desemba bado sijasema kitu.