Kwa nini Mafarisayo walipinga uponyaji wa Sabato

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu aone mkono uliopooza umenyooka halafu akasirike. Anzia hapa: katika habari hizi za Injili wapinzani wa Yesu ni nadra kubisha kwamba muujiza umetokea. Walipojaribu, Yohana 9, waliwaita hadi wazazi wa yule kipofu, nao wakathibitisha kwamba alizaliwa hivyo. Ugomvi ulihusu siku, yaani Sabato.

Na sheria yenyewe haikuwa katili kama mahubiri mengi yanavyodai. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi uliofanywa takriban mwaka 200, inaruhusu kuvunja Sabato hata pakiwa na shaka tu kwamba uhai uko hatarini. Asiye mahututi angoje jua lizame; ndivyo walivyofanya watu wa Kapernaumu katika Marko 1:32. Sasa watazame wagonjwa: mama aliyepinda mgongo miaka 18 (Luka 13), mtu wa Bethzatha aliyeugua miaka 38 (Yohana 5), mwenye safura (Luka 14). Hakuna anayeonyeshwa akikata roho. Mkuu wa sinagogi katika Luka 13 alipowaambia watu waje kuponywa siku sita za kazi, kwa mizani hiyo hakusema ajabu.

Kosa la wengi ni kuyachanganya matukio. Kwenye Marko 3 Yesu hakupaka dawa wala hatajwi kumgusa mtu. Alimwambia tu anyoshe mkono, na kusema hakumo katika aina 39 za kazi zilizokatazwa na Mishna. Hapo mashtaka ni mepesi mno. Yohana 9 ni kesi nzito zaidi: alitema mate, akafanya tope, na kukanda (kama unga) ni mojawapo ya zile 39. Yohana 5 kinachoanza kulalamikiwa si uponyaji, ni godoro alilobeba aliyeponywa, maana Yeremia 17:21 inakataza kubeba mzigo Sabato.

Tena Wayahudi wenyewe hawakukubaliana. Yesu anauliza ni nani asiyemtoa kondoo wake shimoni (Mathayo 12:11), kumbe Hati ya Dameski, kanuni za kundi jingine la Wayahudi wa kale, inakataza hilo waziwazi. Mapokeo ya marabi yanasema shule ya mwalimu Shamai ilizuia hata kumwombea mgonjwa Sabato, ya mwalimu Hileli ikaruhusu.

Hoja ya Sabato haielezi kila kitu, lakini. Marko 3:22 shtaka ni Beelzebuli, mkuu wa pepo, yaani nguvu za Yesu zimetoka wapi. Yohana 11:48 baraza la Wayahudi linahofia Warumi, Sabato haitajwi. Sura inayofuata makuhani wakuu wanapanga kumuua Lazaro pia, yule aliyefufuliwa, kwa sababu watu wanamwona na kumwamini Yesu.